Barua ya wazi kwa kamati ya mashindano ya injini za sataranji: tunapima akili ya injini au tunapima faili?

Kwa Mwenyekiti, Katibu na wajumbe wote wa Kamati ya Maandalizi.

Ndugu Mwenyekiti,

KUH: VITABU VYA UFUNGUZI NA USAWA WA MASHARTI KATIKA MASHINDANO YETU YA KILA MWAKA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nawaandikia kwa heshima, nikijua kwamba kazi mnayoifanya hamlipwi na kwamba bila ninyi tusingekuwa na mahali pa kuzishindanisha programu zetu. Hii ni barua yangu ya tatu. Ya kwanza niliituma kwa barua pepe wiki moja baada ya fainali, nikajibiwa kwamba suala limepokelewa. Ya pili haikujibiwa. Nilipompigia Katibu simu, alinisikiliza kwa upole, akanieleza kwamba kila mshiriki ana uhuru wa kuleta kitabu chake, na kwamba msimu umekwisha, tuangalie mbele. Nimeangalia mbele. Kanuni za msimu ujao zimetangazwa, na kifungu cha vitabu ni kilekile, neno kwa neno: "Kila injini itatumia kitabu chake." Sentensi moja kwa jambo zito namna hii. Kwa hiyo leo naandika hadharani, wasome washiriki wenzangu na vijana wanaofikiria kujiunga.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushughulika na injini, nieleze kidogo. Injini ya sataranji ni programu inayocheza yenyewe. Ikipewa ubao, hupima mamilioni ya nafasi, yaani mipangilio ya kete ubaoni, kisha ikachagua hatua. Lakini mwanzoni mwa mechi nyingi haipimi chochote. Hufungua faili liitwalo kitabu cha ufunguzi, hutafuta nafasi iliyoko ubaoni, na ikiikuta humo hucheza hatua iliyoandikwa, papo hapo, saa ikiwa haijasogea. Katika umbizo la Polyglot, ambalo wengi wetu tunalitumia, kila ingizo lina baiti 16 tu: 8 za kuitambulisha nafasi, 2 za hatua, 2 za uzito unaoamua hatua hiyo ichaguliwe mara ngapi, na 4 zilizotengwa kwa ajili ya kujifunza. Ni faili dogo ambalo mwenye ujuzi kidogo analihariri kwa dakika chache, na linaweza kuimaliza mechi kabla injini haijaanza kazi.

Sitaki vitabu vipigwe marufuku. Nalisema hili mapema kwa sababu Katibu alinielewa hivyo kwenye simu. Kutunga kitabu ni ufundi kamili. Kitabu cha Deep Blue, mashine ya IBM iliyokutana na Garry Kasparov mwaka 1997, kilikuwa na nafasi zipatazo 4,000 zilizopangwa kwa mkono, sehemu kubwa na grandmasta Joel Benjamin, akisaidiwa na magrandmasta wengine watatu. Katika mechi ya sita, tarehe 11 Mei, Kasparov alicheza ufunguzi wa Caro-Kann, akasogeza askari hadi mraba wa h6 katika hatua ya saba, na mashine ikamtoa farasi wake kafara katika mraba wa e6. Hatua ile ilitoka kitabuni. Kufikia hatua ya 19 Kasparov alikuwa amesalimu amri. Je, aliyecheza hatua ile ni mashine, au ni watu walioiandika? Mtu anaweza kujibu vyovyote, mradi jibu lijulikane kabla ya kukaa ubaoni na liwe moja kwa wote. Hapo ndipo sisi tulipokwama.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mafaili yalifungwa kwa wengine, yakafunguliwa kwa mmoja.

Katika raundi ya tatu injini yangu ilicheza na nyeusi, ikaingia katika ufunguzi wa Sicilian, ikabanwa vibaya, ikaponea sare. Usiku huo mliweka mechi zote hadharani, jambo ambalo nalipongeza. Nilipoipitia yangu niliona kasoro. Kitabu changu kiliishia hatua ya 9, na katika hatua ya 12 injini ilichagua mpango mbovu wa kusogeza askari wa upande wa malkia wakati mfalme wake bado yuko katikati. Asubuhi nikaiandikia Kamati kuomba niongeze ingizo moja. Ingizo moja, baiti 16. Nikajibiwa kwamba mafaili yalifungwa siku ya kwanza na hayataguswa hadi fainali. Nikakubali, maana kanuni inayowabana wote haina ubaya.

Raundi ya sita nikapewa nyeusi tena, dhidi ya mpinzani mwingine kabisa. Nilikaa mbele ya skrini na mwanangu, ambaye ameanza kupenda mchezo huu. Hatua ya kwanza mpaka ya 17 zilikuwa zilezile za raundi ya tatu, moja baada ya nyingine, kwa sababu injini yangu ikipewa nafasi ileile na muda uleule mara nyingi hujibu vilevile. Katika hatua ya 18 mpinzani aliiacha njia ya yule wa kwanza na kushika nyingine iliyo bora kuliko ile. Injini yangu ilikuwa inafikiri dakika moja na nusu hadi mbili kwa kila hatua. Yeye alijibu hapo hapo, kila mara. Mwanangu akaniuliza, "Baba, mbona huyu hafikirii?" Sikuwa na la kumjibu. Ilipofika hatua ya 27, ambapo mpinzani alianza kupiga hesabu mwenyewe kwa mara ya kwanza, saa yake ilisoma dakika 59 na sekunde 48. Yangu ilisoma dakika 31. Tathmini ya kwanza aliyoitoa katika mechi nzima ilikuwa +3.6, yaani kana kwamba farasi wangu mzima alikuwa ameshaondoka ubaoni.

Kamati huweka kwenye seva orodha ya mafaili ya washiriki, pamoja na ukubwa wake. Orodha ya siku ya kwanza nilikuwa nimeihifadhi. Nikailinganisha na ya siku ya raundi ya sita. Vitabu vya washiriki kumi na mmoja havikuwa vimebadilika hata baiti moja. Kitabu cha mpinzani wangu kilikuwa kimeongezeka baiti 1,408. Ukigawanya kwa 16 unapata maingizo 88.

Katibu aliniambia kwamba huenda injini ile ilijifunza yenyewe. Nimelipima wazo hilo kwa uangalifu. Zipo injini zinazojifunza, Crafty ya Robert Hyatt ikiwa mfano wa miaka mingi. Lakini kujifunza kwa namna hiyo hutokana na mechi ambazo injini yenyewe imezicheza: mstari, yaani mfululizo wa hatua, ulioleta ushindi huongezewa uzito, ulioleta kipigo hupunguziwa. Mpinzani wangu hakuwa ameucheza mstari ule hata mara moja. Nimezipitia mechi zake zote tano za kabla. Maingizo yale 88 yaliandikwa na mtu aliyekaa na mechi yangu ya raundi ya tatu mbele yake. Na mwenyewe, kwa uungwana, hakunificha: aliomba kubadilisha kitabu, akaruhusiwa. Simlaumu hata kidogo. Aliomba akapewa, mimi niliomba nikanyimwa. Lawama yangu iko hapo tu, na ni ya Kamati.

2. Nafasi za fainali zilichezwa kwa upande mmoja.

Fainali haikuwa yangu, lakini wawili kati ya wanne waliocheza wameniomba niliseme hili, na ningelisema hata wasingeniomba. Kamati iliamua, na iliamua vizuri, kwamba fainali isitumie vitabu vya washiriki bali nafasi za kuanzia zilizochaguliwa na Kamati. Injini nne zilikutana, kila jozi mara mbili, jumla mechi 12. Mkachagua nafasi 12. Kila nafasi ikachezwa mara moja.

Hapo usawa ulivunjika, na sababu yake ni ya kihesabu. Injini zenye nguvu zikianzia nafasi iliyo sawa, mechi nyingi huisha sare. Kwa hiyo waandaaji huchagua kwa makusudi nafasi zenye mwelekeo, ambapo upande mmoja una faida ya kutosha kuleta ushindi. Mlifanya hivyo nanyi. Nilizipitia nafasi zote 12 kwa Stockfish, injini mashuhuri ya bure, kila moja kama ilivyokuwa kabla hata hatua moja haijachezwa. Moja ya ufunguzi wa King's Indian iliipa nyeupe +1.2. Tangu toleo la 15.1, Stockfish imerekebisha vipimo vyake ili +1.00 iwe na maana kwamba upande huo una uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda. Kwa hiyo aliyepewa nyeupe katika nafasi ile alikaa ubaoni akiwa ameshavuka nusu ya safari ya kuelekea ushindi, na aliyepewa nyeusi hakupata hata mara moja kuishika nyeupe yake. Bingwa wetu aliwazidi wenzake kwa nusu pointi. Ni yeye aliyekuwa na nyeupe katika mechi ile, na alishinda.

Dawa yake inajulikana, na ni ya zamani kuliko kompyuta zetu. Wachezaji wa dama nchini Marekani waliona kwamba mabingwa wamekariri mistari mpaka michezo inaisha sare tupu. Tangu mwaka 1934 hatua tatu za mwanzo kwao huchaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, na wachezaji wawili hucheza kura ileile mara mbili wakibadilishana pande. TCEC, mashindano ya injini yaliyoanza mwaka 2010, hufanya vivyo hivyo: katika fainali yao kuu ya mechi 100, kila ufunguzi huchezwa mara mbili, leo wewe nyeupe, kesho mimi. Ukishinda na nyeupe kisha ukaponea sare na nyeusi, umeichukua jozi, na hakuna atakayesema nafasi ilikubeba. Hata wanaoiendeleza Stockfish, wanaopima matoleo yake kwa nafasi za Stefan Pohl ambazo zimeegemea upande mmoja waziwazi, huhesabu matokeo kwa jozi.

Kinachouma zaidi ni kwamba isingegharimu kitu. Kila jozi ya wanafainali ilikutana mara mbili. Mngechagua nafasi 6 badala ya 12, na kila jozi ikaicheza nafasi moja kwa pande zote mbili, mechi zingebaki 12 zilezile, siku zilezile, umeme uleule.

3. Mchaguzi wa nafasi alikuwa na injini yake fainalini.

Simtuhumu mjumbe huyo kwa lolote. Injini yake ilishika nafasi ya pili, si ya kwanza, na wote tunaomjua tunajua ni mtu mwadilifu. Lakini yeye alikuwa ameziona nafasi zote 12 wiki mbili kabla ya wengine watatu. Hata asingezifungua tena, kichwani mwake zilikuwemo alipokuwa anarekebisha injini yake usiku. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere, hata ngedere awe mcha Mungu kiasi gani. Kwa misimu mingi nafasi za TCEC zilichaguliwa na Jeroen Noomen, mtu aliyewahi kutengeneza vitabu vya injini ya Rybka na kuvijua vitabu kuliko wengi wetu. Hatukosi huku kwetu mchezaji mzuri wa sataranji asiyeandika programu. Hatujamwomba tu.

4. Mechi pacha.

Katika hatua ya kabla ya fainali washiriki wawili walitumia kitabu kimoja cha bure kilichopakuliwa kwenye intaneti. Matokeo yake mechi zao mbili dhidi ya mshiriki mmoja kutoka Mwanza zilifanana hadi hatua ya 31. Mshiriki huyo alipoteza pointi mbili kwa mechi ambayo kwa kweli ilikuwa moja. Kanuni zetu hazisemi lolote kuhusu hilo.

5. Majedwali ya miisho.

Hili ni dogo, nalitaja kwa kuwa lina sura ileile. Majedwali haya ni mafaili yenye jibu sahihi la kila nafasi iliyobakiwa na kete chache. Yale ya Syzygy ya kete 5 hayafiki hata gigabaiti moja, kila mtu anaweza kuyapata. Ya kete 6 ni gigabaiti zipatazo 150. Mshiriki anayeishi jirani na seva alileta diski yake mkononi, akawekewa. Sisi wa mbali, kwa bando za intaneti tulizonazo, tungeyapandisha kwa muda gani? Ama wote wayatumie ya seva, ama pasiwe na mtu wa kuyatumia.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu mengine nimeshayasikia.

Litasemwa kwamba kitabu ni sehemu ya injini, na mwenye kitabu kizuri amestahili. Hoja hii ina uzito na wapo wataalamu wanaoiamini. Naikubali kama msingi wa mashindano, mkipenda. Lakini kama kitabu ni sehemu ya injini, basi kukibadilisha katikati ya mashindano ni kubadilisha injini katikati ya mashindano. Je, mngeniruhusu kuleta toleo jipya la programu yangu kati ya raundi ya tano na ya sita? Kanuni zenu zinakataza, na zinakataza vizuri. Hoja hiyo hiyo inayokitetea kitabu ndiyo inayotaka kifungwe.

Litasemwa kwamba hata wakubwa duniani hawakukubaliana. Ni kweli, walibishana sana. Orodha ya Uswidi ya SSDF, iliyopima programu za kuuzwa madukani, ilizungukwa na mabishano juu ya vitabu vilivyotungwa mahususi kuziua programu fulani fulani, na wapimaji wa CCRL, orodha nyingine ya nguvu za injini, wao huzipa injini kitabu kimoja cha jumla kisichopita hatua 12. Desemba 2017, DeepMind, kampuni ya akili bandia ya Google, walipotangaza kwamba programu yao AlphaZero imeishinda Stockfish 8 mechi 28 kati ya 100 na kutoka sare 72 bila kupoteza hata moja, watu waliuliza hapo hapo: mbona Stockfish haikuwa na kitabu, mbona ilipewa dakika moja kamili kwa kila hatua, mbona kumbukumbu yake ilikuwa gigabaiti moja tu? Mwaka uliofuata walirudi na mechi 1,000, AlphaZero ikashinda 155 na kushindwa 6. Wakaongeza na mechi zilizoanzia nafasi za TCEC, na nyingine ambazo Stockfish ilipewa kitabu. Matokeo yalibaki upande wa AlphaZero, ila safari hii malalamiko yale ya kitabu yalikuwa yamepewa jibu la vipimo. Kampuni yenye uwezo ule ilikubali kupima upya kwa masharti yaliyo sawa zaidi. Sisi tunaoendesha mambo yetu kwa seva moja ya kuazima hatuna sababu ya kuona aibu kufanya vivyo hivyo.

Litasemwa muda hautoshi, na umeme unakatika. Nimepiga hesabu. Msimu uliopita injini 12 zilikutana zote kwa zote, mechi 66, kila upande dakika 60. Mechi ikitumia muda wote ni saa mbili, jumla saa 132. Tukipunguza muda kuwa dakika 30 kila upande na kuzicheza mechi kwa jozi, tunapata mechi 132 za saa moja moja. Jumla ni saa 132. Hakuna saa hata moja iliyoongezeka, na tunapata mechi maradufu, kwa hiyo bahati inapungua. Umeme ukikatika, mechi fupi iliyopotea ni hasara ndogo kuliko ndefu.

Na litasemwa kwamba huyu alishindwa, analia. Nilimaliza wa tano, nusu pointi nyuma ya wa nne. Ile mechi ya raundi ya sita ingetoka sare, ningelingana naye. Siombi kubadilishiwa chochote. Bingwa ni bingwa, nilimpa mkono siku ya fainali na leo nampa tena. Miezi kumi na minne nimeiandika programu ile usiku, baada ya kazi na watoto wakiwa wamelala, na ninachotaka ni ishindwe na programu nyingine inayofikiri vizuri kuliko yangu, ili nijue nirekebishe wapi. Kipigo cha namna hiyo nakijua na nakipenda. Kile cha raundi ya sita hakikunifundisha chochote kuhusu injini yangu. Kilinifundisha tu kwamba mtu fulani aliisoma mechi yangu.

Ninachoomba, kabla usajili haujafunguliwa:

(a) Kamati iamue na itangaze tunapima nini. Pendekezo langu ni kwamba mashindano makuu yatumie nafasi za pamoja, kila nafasi ikichezwa kwa pande zote mbili na jozi ileile ya injini. Wanaopenda ufundi wa vitabu, nami nikiwemo, wawekewe mashindano madogo pembeni, vitabu huru, jina tofauti, zawadi tofauti.

(b) Nafasi zichaguliwe na mtu asiye na injini wala mwanafunzi wake kwenye mashindano. Faili la nafasi lifungwe kabla ya siku ya kwanza, na alama yake ya SHA-256, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili na inayobadilika faili likiguswa, itangazwe siku hiyo hiyo. Baada ya mashindano faili liwekwe hadharani, kila mtu akokotoe alama mwenyewe aone kwamba hakuna kilichobadilishwa. Kazi hii ni ya amri moja kwenye kompyuta.

(c) Pale ambapo vitabu vya washiriki vitaruhusiwa, alama zake zitangazwe vilevile, kujifunza kuzimwe au faili lirudishwe katika hali ya kwanza kabla ya kila raundi. Kamati ikiona ni vyema watu wabadilishe vitabu kati ya raundi, iwe hivyo kwa wote, kwa saa zilizotangazwa, na bila kuomba ruhusa ya mtu binafsi.

(d) Mechi zichapishwe zikiwa na muda wa kila hatua, tathmini, na alama inayoonyesha hatua ipi ilitoka kitabuni. Mechi mbili zikifanana kupita hatua ya 25, ya pili irudiwe kwa nafasi nyingine.

(e) Malalamiko yasikilizwe na watu watatu wasio na injini, wajibu kwa maandishi ndani ya siku saba.

Suala la majedwali nawaachia ninyi. Ninachoomba ni liwe na kifungu chake.

Orodha zote mbili za mafaili, mechi za raundi ya tatu na ya sita zikiwa na saa zake, na hesabu za nafasi 12 za fainali, nimeziambatanisha katika barua pepe niliyoituma leo kwa kila mjumbe. Nimeandika pia programu fupi inayopanga mechi kwa jozi na kukokotoa alama za mafaili. Nimeijaribu kwa injini tatu kwenye kompyuta yangu mpakato na inafanya kazi. Nitaikabidhi kwa Kamati bure, na niko tayari kuja kuiweka kwenye seva Jumamosi yoyote mtakayonipangia. Kwa kuwa nina injini kwenye mashindano, naomba msimbo wake ukaguliwe kwanza na mtu mwingine.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu mtiifu,

Mshiriki wa misimu mitatu,
Morogoro